Mama Yeremia Akilingoja Lori

Jumanne, 12 Juni 1956. Lyamkena

Sala ya asubuhi, watu wachache. Sakitu, ile baridi ya usiku inayoganda, imeunguza viazi vyote vya bondeni. Wazee wawili walikuja na mablanketi mabegani, wakasinzia kabla zaburi haijaisha. Sikuwalaumu. Nilifupisha.

Mwanetu Elia yuko nyumbani tangu juzi. Alikuwa mwalimu wa shule; sasa anajifunza kutengeneza picha za sinema huko Dar es Salaam. Kila mwanafunzi amerudishwa kwao na kamera na mikanda michache, atengeneze picha fupi juu ya watu wake. Elia amechagua vijana wanaokwenda manamba katika mashamba ya mkonge Tanga, na nyumba wanazoziacha. Sikumuuliza sababu. Kaka yake Yeremia, mzaliwa wetu wa kwanza, alipanda lori la manamba akiwa mdogo kuliko Elia alivyo leo. Miaka ya mwanzo zilikuja salamu. Kisha zikakoma.

Leo Elia alitaka kuchukua mwanzo wa picha yake. Alimwomba jirani yetu, Mzee Mgaya, apite njiani akitoka shambani, jembe begani. Mgaya akaenda kwanza kuvaa koti la Krismasi. Akaja akasimama wima, mikono mapajani, pumzi ameibana.

"Tembea, baba mdogo!"

"Nitembee niiharibu picha? Wewe maliza kwanza."

"Hii ni picha inayotembea, baba mdogo."

"Basi itembee yenyewe. Mimi nimevaa koti."

Mke wangu alicheka hata akaketi chini. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Alhamisi, 14 Juni

Elia hana raha. Mwalimu wao, Mzungu, amewaambia kwamba picha hushinda au hushindwa pale mwanzoni. Mtazamaji akishageuka kuzungumza na jirani yake, humrudishi. Atakayeshindwa kuwashika watu atarejeshwa katika kazi yake ya zamani. Elia amejaribu kuanza na mlima wakati wa mapambazuko. Amejaribu na ngoma. Amejaribu na Mgaya. Anasema vyote vimekufa machoni pake kabla hata ya mkanda kusafishwa.

Baada ya chakula aliniuliza, "Baba, umehubiri tangu sijazaliwa. Unaanzaje?"

Swali zuri. Nilikaa nalo kabla ya kulijibu. Mahubiri yangu ya kwanza, nikiwa kijana niliyetoka shule ya wainjilisti, niliyaanza kwa kueleza maana ya neno neema, fungu kwa fungu. Watu walilala. Niliwakasirikia. Jumapili nyingine, kwa kuwa sikujitayarisha vema, nilianza kwa kusema: mjane mmoja alisimama kisimani, mtungi wake umevunjika. Kisha nikasahau niliyotaka kusema, nikanyamaza. Hakuna aliyesinzia. Walitaka kujua mjane atafanya nini.

Tangu siku hiyo najua. Watu hawalifuati jambo. Humfuata mtu aliyepungukiwa na kitu. Mwanzo ulio hai humpa msikilizaji swali asiloweza kuondoka nalo.

Nikamwambia Elia, "Waonyeshe mtu anayengoja. Usiwaambie anangoja nini. Watakaa naye."

"Uso tu, baba? Bila maneno?"

"Uso tu."

Alinishika mkono kwa mikono miwili, kama nimempa shamba. Nilijisikia mwenye hekima. Ni kiburi. Bwana aniangalie.

Jumamosi, 16 Juni

Yeremia amekufa.

Nimeandika. Sasa niandike mengine.

Alasiri alikuja Mzee Zakaria, mzee wa kanisa wa Ilembula. Alinikuta nikitengeneza ua. Hakuanza na salamu. Aliniomba tutembee mpaka kwenye miti ya miwati, na hapo nikajua kwamba ni msiba, ila sikujua wa nani. Amepata habari kwa mtu aliyerudi kutoka Tanga kabla ya wenzake. Homa. Alizikwa hukohuko shambani kwa mkonge, na sala ilisomwa. Rafiki yake aliyemwuguza, Lameki, kijana wa Mdandu, analeta vitu vyake kwa lori la manamba wanaorudi. Linatazamiwa Ijumaa.

Sikulia. Nilimwuliza Zakaria habari za ng'ombe wake. Alinijibu. Ndivyo tulivyo.

Kwetu habari ya kifo cha mtoto haimfikii mama njiani, wala haimfikii akiwa amesimama. Hupelekwa kwanza kwa baba na wazee. Wazee huwaita ndugu zake. Ndugu humketisha, humshika mikono huku na huku, ndipo mmoja hulisema. Nimelisimamia jambo hili katika nyumba nyingi, nami nimeona faida yake. Mama aliyeshikwa haanguki.

Tumekubaliana hivi. Zakaria atapitia Mdandu awaambie dada za mke wangu waje Alhamisi. Mimi Jumanne nitakwenda Njombe kumwomba mchungaji. Alhamisi jioni mke wangu ataambiwa. Ijumaa nitakwenda mwenyewe kulipokea lori.

Elia sitamwambia. Uso wake haujui kuficha kitu; mama yake angeusoma kabla hajavuka kizingiti.

Nilikula ugali pamoja na mke wangu. Aliniuliza mbona sishibi wala simalizi. Nikasema tumbo.

Jumapili, 17 Juni

Nimehubiri juu ya ufufuo. Niliyasema yote yaliyo kweli, na hakuna hata moja lililonifikia.

Nje ya kanisa wote walinisalimu kama kawaida. Kamwene, Baba Yeremia. Habari za nyumbani, Baba Yeremia. Nilikuwa sijapata kulisikia jina langu likiwa zito hivi. Mke wangu, Mama Yeremia, alikuwa nyuma yangu akiitikia kwa furaha. Alimwambia mke wa Mgaya kwamba Elia anatengeneza picha, na kwamba labda Yeremia ataiona huko Tanga na kuona haya na kurudi.

Moyo wangu umepondeka. Ninauficha kwa jinsi mtu anavyoficha jeraha chini ya shati. Nimeomba nguvu za siku nne tu.

Jumatatu, 18 Juni

Elia amekuwa akizunguka njia panda ya Makambako na kamera yake, akiwachukua wenye maduka na wapakuaji mizigo. Anarudi na vumbi, mwenye furaha. Mama yake anamwekea maji ya moto. Ninawatazama wawili hawa wakicheka na ninajua nisilowaambia. Sijapata kuwa mpweke hivi katika nyumba yangu.

Kesho Njombe.

Jumatano, 20 Juni

Bwana, kwa nini.

Nitaandika kwa utaratibu, kama nilivyoelezwa.

Lori halikungoja Ijumaa. Leo asubuhi Elia alisikia dukani kwamba lori la Tanga limelala njiani na litafika kabla ya mchana. Alirudi nyumbani mbio. Akamwambia mama yake: "Mama, lori la manamba linakuja leo. Labda kaka yumo. Twende ukatazame."

Labda.

Alimwambia hivyo kwa sababu ya picha. Alitaka uso. Mama yake hakuuliza lolote. Alivaa kanga mpya, akamkamata kuku aliyekuwa akimnenepesha, akafuatana na mwanawe hadi njia panda. Mtu anayempokea msafiri wa mbali hasimami mikono mitupu.

Elia alimwonyesha mahali pa kusimama, penye mwanga mzuri. Akasogea mbali, akakaza springi ya kamera, akaanza.

Lori lilifika. Wanaume wakashuka. Lameki akashuka na sanduku la bati. Alipomwona mke wangu amesimama pale mbele ya watu, amevaa vizuri, ameshika kuku, aliamini kwamba ameshaambiwa, na kwamba amekuja kuvipokea vitu vya marehemu. Angewazaje vinginevyo? Habari ilitangulia kwa wazee. Basi akavua kofia, akaenda kwake, akampa mikono miwili.

"Pole sana, mama, kwa msiba wa Yeremia. Alikutaja mpaka mwisho."

Kuku akamponyoka, akakimbilia chini ya lori. Watu waliangua kicheko kwa sababu ya kuku. Walikuwa hawajajua.

Hakuna aliyemshika. Hakuna dada, hakuna mume. Alisimama wima katikati ya kicheko. Kisha akageuka akaja nyumbani kwa miguu yake, Elia na Lameki wakimfuata na sanduku.

Nilifika alasiri na mchungaji katika gari la misheni. Mke wangu alikuwa ameketi sakafuni, peke yake, amewafukuza wote. Aliniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Akasema, "Umekula nami."

Ijumaa, 22 Juni

Matanga. Dada za mke wangu wamefika, wamemzunguka. Sasa wanamshika mikono, wakati ambapo haifai kitu. Hakuna jeneza. Hakuna kaburi la kulilia. Sanduku limewekwa katikati ya mkeka, na wanawake wanaliimbia nyimbo za kanisa kana kwamba ni mtu. Lameki ameketi nje na wanaume, kichwa chini. Nimemwambia hana kosa. Haniamini.

Elia alinifuata nyuma ya zizi. Alikiri yote. Alisema kamera ilikuwa ikienda mpaka mama yake alipoanza kupiga hatua kulikaribia lori. Hapo springi ikaisha. Alipoiona sura ya Lameki hakuikaza tena.

Nilimwambia amemdanganya mama yake ili apate mapambo ya picha. Nilimwambia mengine, makali kuliko hayo.

"Nilisema labda, baba."

"Labda kwa mama ni ahadi."

Akasema, pasipo kiburi, machozi yakimtoka, "Nawe ulijua hayumo. Ungeniambia, ningempeleka? Mimi nilimwambia labda kwa kuwa sikujua. Wewe ulinificha mimi pia."

Nilimwacha pale. Nilikuwa na hasira kwa kuwa alisema kweli.

Jumapili, 1 Julai

Elia amerudi Dar es Salaam na mikanda yake. Kabla hajaondoka nilimwamuru auchome ule mmoja.

"Ni uso wa mama," akasema. "Nitauchomaje?"

Alimuaga mama yake kwa kupiga magoti. Mama yake akamwekea mkono kichwani.

Mke wangu hasemi nami. Hunipa chakula. Hunitandikia. Akihitaji kuniambia jambo humwambia mke wa Mgaya, naye huja kuniambia, akiona aibu kwa niaba yetu sote.

Alhamisi, 12 Julai

Baridi kali. Ukungu haukuondoka hata adhuhuri.

Mke wangu amesema nami. Tulikuwa tukipukuchua mahindi. Hakuinua macho.

"Mmoja wenu alinificha, mwingine akanianika. Hakuna aliyeniuliza."

Akaendelea kupukuchua. Nami nikaendelea.

Nimelitafakari mpaka jioni. Nilidhani desturi ile ni ya kumlinda yeye. Ni kweli, humlinda. Lakini kwa siku zile nne ilinilinda mimi. Ilinipa kazi ya kufanya, safari ya kwenda, mchungaji wa kuzungumza naye. Yeye haikumpa kitu. Ilimwacha akimnenepesha kuku.

Na yale niliyomfundisha Elia juu ya mwanzo. Nilimwambia mtu anayengoja huwashika watazamaji. Nilisema kama fundi anavyosema juu ya mbao. Sikumwambia kwamba anayengoja ana moyo, na kwamba ukimwomba mtu angoje mbele yako, unachukua kitu kwake.

Nina huzuni isiyo na mahali pa kukaa.

Jumanne, 21 Agosti

Elia amekuja kwa siku mbili. Amekonda. Picha imekamilika. Imeanza na uso ule.

Mwalimu wao anasema hakuna mwanafunzi aliyepata mwanzo kama huo. Aliiwasha mara ya pili na ya tatu kwa ajili ya kuutazama tu. Gari la sinema litakuja Njombe tarehe nane Septemba na picha za wanafunzi kadhaa, ili waone jinsi watu wanavyozipokea. Baadaye zitaonyeshwa Dar es Salaam mbele ya wakubwa, na hapo ndipo itakapoamuliwa nani abaki katika kazi hii.

"Nimemwambia mwalimu haitaonyeshwa popote mama asipokubali," Elia alisema. "Niambie wewe, baba. Nimwambie nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Hapana. Mimi ni kichwa cha nyumba hii, na hapana. Kisha nikaona kwamba nakaribia kuamua tena nyuma ya mgongo wa mke wangu, safari hii kwa jina la huruma.

Nikaondoka palepale. Nilimkuta kisimani. Nilimweleza yote mbele ya wanawake wengine, bila kumvuta pembeni. Wao ndio walioondoka.

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kumtambua msafiri.

"Nitakwenda kuiona," alisema. "Ndipo nitasema."

Jumapili, 9 Septemba. Njombe

Tumelala kwa binamu yangu. Jana jioni tulikwenda uwanjani, karibu na boma. Watu wengi: wa madhehebu yetu, Wakatoliki waliotelemka na masista wao, makarani na wake zao, wachuuzi. Shuka jeupe limetandazwa kati ya nguzo mbili. Injini ya umeme ikinguruma nyuma ya gari. Mke wangu aliketi mbele pamoja nami. Elia hakuketi. Alisimama kando ya mashine, amekunja mikono.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanafunzi wa pwani. Ilianza na ramani, na sauti katika kipaza sauti ikieleza wilaya na mazao yake. Kabla ramani haijaondoka, watu walikuwa wakizungumza bei ya mahindi. Mtu alimwita mwenzake kutoka upande wa pili wa uwanja, naye akaitikia. Kijana yule wa pwani alikuwa amesimama karibu na Elia. Nilimhurumia.

Ya pili ilianza na ngoma. Walipiga makofi, vijana wakainuka wakacheza. Ngoma ilipokwisha, nao walikwisha. Yaliyofuata hawakuyatazama.

Kisha ya Elia. Hapakuwa na jina, wala ramani, wala sauti. Ulitokea uso wa mke wangu.

Sijapata kuona kitu kama kile. Niliishi naye miaka yote hii na sikuwa nimepata kuutazama uso wake kwa namna hiyo, kwa kuwa nyumbani mtu haangalii, huishi tu. Amekinga jua kwa kiganja. Anapangusa vumbi begani kwake. Anahamisha kuku kwenda kwapa lingine. Anasimama kwa vidole vya miguu. Anatabasamu kabla ya kuwa na sababu ya kutabasamu. Kisha vumbi la lori linaonekana mbali nyuma ya watu, naye anashusha mkono taratibu, na kinywa chake kinafunguka kidogo, kama mtu anayetaka kuita jina na anaogopa kukosea.

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Hata watoto. Niliwasikia watu wakivuta pumzi.

Mwanamke mmoja nyuma yetu, mwenye mtoto mgongoni, akanong'ona, "Huyu anamngoja nani?"

"Nyamaza, mwenzangu, tuone!"

Mke wangu akageuka. "Mwanawe," akamwambia.

Mwanamke yule hakumtambua, kwa sababu ya giza. "Amekuja?"

Mke wangu akarudisha macho kwenye shuka.

Katika picha alipiga hatua moja, ya pili, kulielekea lori. Hapo pakakatika. Zikaonekana safu za mkonge, hazina mwisho, na wanaume walioinama. Uwanja wote ukaguna pamoja. Waliitazama picha mpaka mwisho bila mtu kuondoka, nami najua sababu. Walikuwa wakimngoja yule mama arudi. Hakurudi. Taa ilipowashwa sauti zilitoka pande zote: "Na yule mama? Ikawaje?"

Elia alishinda. Mwalimu wake alimpa mkono mbele ya watu. Elia hakumtazama mwalimu. Alikuwa akimtazama mama yake.

Jumatatu, 10 Septemba. Lyamkena

Jana baada ya ibada, kabla hatujaondoka Njombe, mke wangu alimwita Elia chini ya ukuta wa kanisa. Alinitaka nami nisikie.

"Umetengeneza kitu kizuri," alimwambia. "Sikujua kwamba nilikuwa hivyo."

Elia akangoja.

"Lakini wameniuliza kama amekuja. Kila mtakapoiwasha wataniuliza. Dar es Salaam wataniuliza. Tanga wataniuliza. Nami nitakuwa nimesimama pale na kuku wangu, sijui lolote, nafurahi. Mwanangu, mimi nimemaliza kungoja. Usinisimamishe tena pale."

"Nianze na nini, mama?"

"Anza na mlima."

Nilitaka kumwombea kijana. Nilijua kile kinachokatwa. Hakuna mtu katika jimbo hili aliyejua kuliko mimi na Elia thamani ya mwanzo ule, na kwamba bila huo picha ile itakuwa mwili usio na macho. Nilifunga kinywa. Hili halikuwa langu.

Elia alilia, wazi, mbele ya watu waliotoka ibadani. Kisha akajipangusa kwa mkono wa shati na kusema, "Haya, mama." Alikwenda kwenye gari la sinema. Nilimwona akiinama juu ya mashine, na mwalimu wake akiinua mikono juu, akisema naye, akisema tena. Elia aliendelea kutikisa kichwa.

Nampenda mwanangu huyu. Nimechelewa kuliandika.

Jumapili, 21 Oktoba

Elia amerudi. Picha ilionyeshwa Dar es Salaam, imeanza na mlima na mapambazuko. Anasema makarani wa mstari wa mbele waliwasha sigara wakaanza kuzungumza, na hawakunyamaza tena. Hakuchaguliwa. Atafundisha darasa la tatu hapa Makambako kuanzia mwaka mpya.

Hakuwa na uchungu katika kueleza. Uchungu ulikuwa wangu. Nilimwuliza kama anajuta.

"Najutia nilivyoupata, baba. Si kuukata." Kisha: "Ila ulikuwa mwanzo mzuri."

"Ulikuwa mzuri," nikasema.

Mama yake alimwita aje ale. Aliona mguu wake una malengelenge ya viatu, akamgombeza kwa viatu hivyo muda mrefu, kama alivyokuwa akimgombeza utotoni. Elia aliinamisha kichwa na kula.

Mimi bado hunijibu kwa maneno machache. Nayapokea kama nilivyostahili.

Jumatano, 14 Novemba. Ilembula

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia juzi. Jana tulianza kupanda.

Leo asubuhi, nikitoka njia panda, nilikutana na mtu wa Mdandu. Dada mkubwa wa mke wangu ameshikwa na kichomi, wamemleta hospitali hapa Ilembula. Aliniambia kwa sauti ya chini, akanishika kiwiko, na kuniuliza ni wazee gani tuwaite.

Nilimshukuru. Nilikwenda moja kwa moja shambani. Mke wangu alikuwa katikati ya tuta, jembe mkononi, matope hadi magotini. Nilitamani kumwambia aketi kwanza. Sikumwambia. Nilisimama mbele yake nikalisema lote nililoambiwa, na nisilolijua nikasema silijui.

"Yu hai?"

"Alipoondoka mtu huyo, alikuwa hai."

Alinitazama usoni muda mrefu. Kisha akanipa jembe nimshikie, akanawa miguu katika mfereji.

"Twende," akasema.

Tulipata lori la mahindi. Ninaandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Mvua nyepesi. Mlango uko wazi, nasikia sauti zao. Dada yake analalamika kwamba uji hauna chumvi, na mke wangu anamwambia anyamaze anywe.